Guo la Mwantumu

Mie ndiye mtunza jeneza wa msikiti wetu hapa Yombo, mwaka wa kumi na tisa huu. Kazi haina mshahara, haina msaidizi, na sijawahi kumsikia mtu akiitamani. Nafagia stoo, napaka jeneza rangi likianza kushika kutu, nafua shuka, na ufunguo nakaa nao mwenyewe. Nikionekana mtaani na ule ufunguo mkononi, watu wanauliza kwanza "nani tena?" ndipo wanakumbuka shikamoo. Nimeshazoea, siwalaumu.

Kwa asiyejua: jeneza letu sie si sanduku la kuzikwa nalo. Ni la kubebea tu. Maiti akishashushwa kaburini, jeneza linarudi msikitini tupu kumngoja mwingine. Na halitoki uchi. Linafunikwa guo, aghalabu la kijani, limedariziwa kalima katikati. Marehemu akiwa mwanamke, guo hilohilo linatolewa juu ya jeneza na kutandazwa juu ya kaburi, watu wanashika pembe, ili wakati wa kumshusha asionwe na asiye maharimu wake. Kwa hiyo guo zuri sharti liwe kubwa, na liwe zito kidogo lisipeperuke. Haya nayaeleza kwa sababu ndiko balaa lote lilikoanzia.

Guo letu alilidarizi mke wangu, Mwantumu. Alilidarizi mwaka wake wa mwisho, amekaa kitandani, miguu imevimba hata ndala haziingii. Mahameli ya kijani alinunua mwenyewe. Uzi nilimfuatia mie Manzese, kwa mafundi wanaodarizi beji za mashati ya shule, maana zari ya dhahabu tuliisikia kwa jirani tu. Kwa hiyo kalima ya msikiti wetu imeandikwa kwa uzi wa njano wa beji za shule. Bitana aliikata kwenye doti yake ya khanga nyekundu, ile aliyovaa siku tunaoana. Nikamwambia, mama, hiyo doti iache. Akasema anayelala chini ya guo haoni mahameli, anaona bitana, basi aone kitu kizuri. Mie nikamletea mkasi. Miezi mitano alidarizi. Alipomaliza akamwita imamu, akamkabidhi mbele ya watu, akasema hili ni wakfu kwa waja wa Mungu, atakayetangulia atangulie.

Akatangulia yeye. Jumanne alifariki, Jumatano alibebwa nalo. Miaka saba sasa.

Sasa kuna jambo naona bora niliseme mwenyewe, kabla hamjaambiwa na Farhan kwa namna yake. Tuliporudi makaburini siku ile, nililifua guo kwa mkono, nikalipiga pasi, nikalikunja na karafuu ndani, nikalitia kwenye sanduku la bati huko stoo, nikapiga kufuli. Misiba iliyofuata nilitoa shuka ya kijani ya kawaida. Mtu akiuliza guo la Mwantumu liko wapi, namwambia liko kufuliwa. Mwaka wa kwanza watu walikubali. Mwaka wa pili walikuwa wameshaacha kuuliza. Kila Alhamisi nilikuwa nalifungua, nalianika kidogo dirishani, nalipiga pasi, nalirudisha. Nilikuwa naliweka kwa ajili ya siku yangu. Nilitaka nami nibebwe chini ya mkono wake, mara moja tu, kutoka msikitini hadi kaburini. Sikuona kama naomba kitu kikubwa. Na nani angenikatalia, wakati ufunguo ninao mie?

Mwezi wa pili mwaka huu nikalazwa, homa ya matumbo. Siku ya tatu akaja Farhan kunitazama. Farhan ni katibu wa msikiti, mwalimu wa sekondari, baba wa watoto wanne, lakini ukimwona na simu yake utadhani amepewa jana. Akaketi pembeni ya kitanda, akanipa pole, akanimenyea chungwa, akala mwenyewe. Kisha akasema kuna bibi wa mtaa wa pili amefariki, atazikwa makaburi ya mjini walikozikwa wazee wake, na anaomba ufunguo wa stoo. Homa ni kitu kibaya. Nikampa shada zima la funguo.

Farhan akafungua stoo. Akaona shuka, akasema hii ndogo, marehemu ni mwanamke, tutalifunikaje kaburi? Akaona sanduku la bati. Akajaribu funguo moja baada ya nyingine. Yeye hadi leo anasema alidhani anafanya la maana.

Makaburini walikuta maziko mengine ya mwanamke, kaburi la pili yake kabisa, hatua nne. Hao wengine walikuwa watu wa Mbezi Beach, magari mengi, kanzu zimepigwa pasi hadi zinakata. Guo la huku kijani, guo la kule kijani. Yote mawili yakatolewa juu ya majeneza, yakatandazwa, watu wakashika pembe, waliosimama katikati wakashika huku mkono mmoja na kule mwingine. Maiti wakashushwa, udongo ukarudishwa, dua ikasomwa, amina zikachanganyika. Halafu watu wakakunja. Na watu wakimaliza kuzika huwa wanakunja chochote.

Aliyeshtuka ni Gaspar. Gaspar ni jirani yangu, mtu wa Moshi, Mkatoliki wa kwenda kanisani kila Jumapili, na ndiye mwenye kirikuu inayobeba jeneza letu miaka yote. Alipolipokea guo kuliweka garini, akamwambia Farhan, "Mwalimu, hili siyo lenyewe. Hili zito."

Farhan akamjibu, "Limelowa umande."

Saa kumi alasiri. Dar es Salaam. Umande.

Niliporuhusiwa kutoka hospitali sikwenda nyumbani. Nilikwenda stoo, bado nimevaa ndala za wodini. Nikafungua sanduku. Ndani lilikuwa limekaa guo la Uturuki, mahameli nene kama zulia, zari imepigwa kwa mashine haikosei hata mshono mmoja, matamvua pande zote nne, na linanukia udi hadi kichwa kinauma. Nikakaa chini kwenye sakafu. Nililia, sikufichi, nililia kama siku ya maziko yenyewe, kwa sababu siku ya maziko nilikuwa na watu wa kunishika.

Ungedhani msikiti mzima ungesikitika nami. Thubutu! Farhan alishalipiga picha la Kituruki, akatuma kwenye kundi la waumini, likapata vidole gumba mia na kitu. Mzee mmoja wa safu ya mbele alisema sasa hata kufa kunatamanisha. Akacheka, halafu akakumbuka umri wake, akaacha. Nilipoleta hoja kwenye kamati kwamba tukabadilishane, nikaambiwa eti kule wamekaa kimya wiki tano, kwa hiyo wameridhia.

"Wameridhia wakijua?" nikauliza.

"Mzee Mbwana," Farhan akasema, "wao wamepata la mkono, sie tumepata la Uturuki. Kwani kuna aliyepunjika?"

"Mie."

"Wewe guo lilikuwa linafuliwa miaka saba. Hujalitumia."

Watu wakacheka. Nikaondoka kikaoni. Nikisema ningebaki ningempiga mtu, sitii chumvi, bakora ilikuwa mkononi.

Kutafuta wenyewe haikuwa kazi. Kwenye pindo la ndani la guo la Kituruki kulikuwa na kitambaa cheupe kimeshonewa: Wakfu wa familia ya Abdulsamad, Mbezi Beach. Chini yake namba ya simu. Maishani mwangu sikuwahi kuona wakfu wenye namba ya simu, lakini siku ile nilishukuru. Nikapiga. Akapokea mwanamume, sauti ya ustaarabu. Nikajieleza. Akasema, "Mzee wangu, guo lipo, tena limewekwa mahali pa heshima. Karibu ulione." Hakusema karibu ulichukue. Hilo nililisikia.

Alhamisi asubuhi, kamati haina habari, nikalitoa la Kituruki stoo, nikalifunga kwenye shuka, nikamwambia Gaspar washa gari. Njiani Gaspar akaniuliza kama tunachofanya ni wizi. Nikamwambia wizi ni kuchukua, sie tunarudisha. Akauliza, mbona sasa tumetoka kwa mlango wa nyuma? Gaspar ana maswali mengi sana kwa mtu anayeendesha.

Nyumba ya Abdulsamad ilikuwa na geti la umeme. Mwenyewe ni Mwarabu wa hapahapa, babu yake alikuwa na duka Kariakoo, yeye anauza vifaa vya ujenzi. Mtu wa makamo, mpole. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akampokea na Gaspar vizuri tu, akatuingiza sebuleni. Baridi ya kiyoyozi ikanipiga kwenye magoti. Na hapo ukutani, ndani ya kioo kipana kama mlango, chini ya taa yake maalumu, lilikuwa limetandazwa guo la Mwantumu.

Mbele yake walikuwa wamesimama akina mama watatu, viatu wamevua. Mmoja alipitisha kiganja kwenye kioo, akajipangusa usoni. Mwingine akafanya vilevile na kisha akapangusa goti.

"Wanafanya nini?" nikamuuliza Abdulsamad.

Akaona haya kidogo. Akasema mambo yalianza taratibu. Siku ile ya maziko lilipofika nyumbani, mama yake aliligusa akasema hili limedariziwa kwa mkono. Basi. Wiki iliyofuata shangazi mmoja akasema litakuwa la Hadhramaut. Aliyefuata akasema zamani lilifunika kaburi la sharifu. Mwisho wa mwezi mtu alikuwa amesema zari yake ilitoka kwenye pazia la Kaaba, na mama mmoja wa jirani goti lake likapona. "Wakawa wanavuta nyuzi kwenda nazo kwao," akasema. "Ndiyo nikaweka kioo, mzee wangu. Lingekwisha."

Mie hasira zangu huwa zinapanda polepole, lakini zikifika zimefika. "Hiyo siyo zari," nikasema. "Ni uzi wa beji za shule. Nimeununua mwenyewe Manzese."

Yule wa goti akageuka akanitazama. "Usikufuru, mzee."

"Sijakufuru. Hiyo kona ya kushoto, hilo ua la asumini lina petali sita, mengine yana tano. Ya sita aliidarizi akiwa na homa. Nilikuwa nimemshikia taa. Anayebisha ahesabu."

Wakahesabu, wote watatu, kwa kidole. Gaspar naye akasogea akahesabu, ingawa hakuna aliyemwomba. Wakapata sita. Lakini wa goti akasema hiyo ndiyo inazidi kuthibitisha. Inathibitisha nini, hakusema.

Nikamwambia Abdulsamad afungue kioo, atazame bitana. Kama nyuma si khanga nyekundu yenye chapa ya kiwanda cha hapa Dar, nitaondoka na sitarudi. Akasita. Hapo ndipo ikatoka sauti kutoka kwenye kiti cha kona, ambako mie nilidhani kuna mito tu: "Fungua, Abdulsamad."

Alikuwa mama yake, Bi Thuraya. Mwembamba, mweupe, amejifunika ushungi, umri wake sidhani kama anaukumbuka mwenyewe. Nikampa shikamoo, nikaona ajabu midomoni, maana nami siku hizi ni wa kupewa. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mie nilisema ni kazi ya mkono. Hayo mengine wameongeza wao."

Kioo kikafunguliwa kwa bisibisi. Skrubu kumi na mbili. Guo likashushwa, likageuzwa, na nyekundu ile ikatoka sebuleni mwa watu. Chapa ya kiwanda ilikuwepo kwenye upindo. Akina mama wakavaa viatu vyao. Wa goti alisimama dakika nzima akitazama, halafu akasema kwa unyonge, "Lakini goti limepona." Nikamwambia alhamdulillahi. Sikuwa na ugomvi na goti lake.

Abdulsamad akaniomba radhi mara tatu. Nami badala ya kuchukua guo langu niondoke kwa heshima, nikasimama nikahutubia. Ndivyo nilivyo. Nikamwambia, ndugu yangu, guo la jeneza kazi yake ni maiti. Halikutengenezwa litazamwe, limetengenezwa libebe watu. Huyu mama alilitoa wakfu, akasema mbele ya imamu ni la waja wa Mungu, na nyie mmelichukua mkalifungia, wakati watu wanakufa kila siku na kufunikwa mashuka! Nikasema, mtajibu nini kesho mbele ya Mola? Gaspar akaanza kukohoa. Nikamkata jicho. Nikaendelea, maana maneno yalikuwa yananitoka vizuri.

Bi Thuraya alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kweli kabisa. Abdulsamad, sikia maneno hayo." Kisha akaliweka guo mapajani, akawa anapitisha kidole juu ya mishono, polepole, kama mtu anayesoma. "Mkono wa huyu mama ulikuwa mzuri. Alifariki lini?"

"Miaka saba sasa, Bi mkubwa."

"Mungu amrehemu. Ameacha kitu. Miaka saba, na huko kwenu watu wengi, msikiti mkubwa." Akaniangalia, wala hakuwa na nia mbaya, alitaka kujua tu. "Limeshabeba wangapi?"

Sebule nzima ikanigeukia. Ile baridi yote, na jasho likanitoka mgongoni.

Ningeweza kusema uongo. Nani Mbezi Beach angejua? Ningesema mia mbili, wangesema mashallah. Lakini guo lilikuwa mbele yangu, kwenye mapaja ya mwanamke mzee, mdomo ukagoma.

"Wawili," nikasema.

"Wawili mwaka huu?"

"Wawili tu. Yule bibi wa siku ya kubadilishana. Na mwingine wa kwanza."

"Wa kwanza nani?"

"Mwenyewe."

Bi Thuraya aliendelea kupitisha kidole. Mie nikaanza kueleza bila kuulizwa, kwamba nilikuwa naliweka kwa siku yangu, kwamba nilikuwa nalipiga pasi kila Alhamisi, kwamba hakuna aliyelitunza kama mie. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuyasikia maneno yangu mwenyewe. Mwanamke amekaa na miguu imevimba miezi mitano, anadarizia watu asiowajua, nami nimewanyima wote, nimejiwekea mie. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na nina miaka sitini na nane.

"Basi mwanangu," Bi Thuraya akasema, "tofauti yako na huyu Abdulsamad ni kwamba yeye aliweka kioo, wewe uliweka kufuli." Akalikunja guo mwenyewe, vizuri, mara nne, akaniletea kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia akae nalo. Nadhani aliona, maana akasema, "Lichukue. Sie la Uturuki mmeshaturudishia. Ila likatumike."

Tulikuwa hatujafika mbali, Farhan akapiga simu. Nikajua kamati imeshagundua, nikajiandaa kutukanana. Kumbe hapana. Akasema kuna maiti hospitali, mwanamume, hana ndugu, mwenyekiti wa mtaa anauliza kama msikiti utamzika leo alasiri. "Ni yule muuza kahawa wa pale kituoni," akasema. Yule ndiye aliyekuwa anazunguka na dele lake na kashata, miaka chungu nzima, na baada ya kufa ndipo watu wakagundua hakuna anayemjua. Mmoja alisema ni mtu wa Lindi, mwingine wa Kilwa. Majina tuliletewa matatu, yote tofauti. Mie nilikuwa nimewahi kumfukuza kwenye kibaraza cha msikiti kwa sababu makaa yake yalidondoka kwenye zege. Sikumbuki kama nilimwita kwa jina lolote.

Tukamwosha, tukamvisha sanda, tukamweka kwenye jeneza. Farhan akaja na shuka. Nikamwambia aiweke chini, nikalifungua guo la Mwantumu.

"Mzee," akanong'ona, "hilo? Kwa huyu?"

"Kwani huyu ana nini?"

"Hana kitu. Ndiyo maana nauliza."

"Shika pembe hiyo, mwalimu."

Akashika. Hakuniuliza hata la Kituruki liko wapi, aliniuliza kesho yake, na tukatukanana kama kawaida.

Msiba wa mtu mwenye watu, jeneza halikai begani. Kila mmoja anataka thawabu, unaweka bega hatua tatu unasukumwa, anaingia mwingine, jeneza linakwenda utadhani linakimbia lenyewe. Siku ile tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na Gaspar aliyetusaidia mpaka getini akaishia hapo. Mie niliweka bega barabarani, na hakutokea wa kunipokea. Nikabeba hadi kaburini. Upepo ukawa unanyanyua guo, bitana nyekundu inanipiga usoni, inaondoka, inanipiga tena. Nikawa natembea kichwa changu kimeingia chini ya guo la mke wangu, na mie bado mzima. Nililia kwa sauti. Waliokuwa nyuma yangu wakapeana macho, wakadhani nilikuwa nampenda sana yule muuza kahawa. Mmoja alinishika mkono baadaye akaniambia pole kwa kufiwa na rafiki. Nikaipokea.

Tangu siku ile halijalala sandukuni wiki mbili mfululizo. Limebeba mama lishe, limebeba dereva, limebeba mzee wa safu ya mbele aliyesema kufa kunatamanisha. Limebeba mtoto wa miaka tisa, na siku ile hakuna aliyeongea njia nzima. Limechanika kona moja kwenye chuma cha kirikuu, nimelishona kwa uzi wa bluu kwa kuwa njano ilikuwa imeisha. Mshono wangu mbaya, unaonekana kutoka mbali. Lina doa la udongo mwekundu ambalo halitoki hata kwa jiki.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka kumzika mtu, Farhan akaketi nami kwenye baraza. Alikuwa ametulia, jambo ambalo si la kawaida. Akaniambia amekuwa akifikiria, kwa namna misiba inavyokwenda hilo guo halitadumu, litakwisha kabla ya miaka miwili. Akasema kamati haina neno, wote wanajua nilichokuwa nakitaka. Je, waliweke pembeni sasa, wanisubirishie?

Nilikuwa nalitaka bado. Nalitaka hata leo, sitadanganya.

"Msiliweke," nikamwambia. "Na siku yangu likikutwa limetoka na mtu mwingine, msilingoje. Nibebeni hivyohivyo."